Mimba Iliyotunga Nje ya Kizazi: Tiba ni Tatu, na Saa Ndiyo Huchagua



Tumeletewa barua na dada mmoja wa Likoni ambaye ametutaka tusimtaje jina. Ameolewa miaka mitatu na ana mtoto mmoja. Hedhi ilipomchelewa alifurahi, lakini siku chache baadaye akaanza kuona damu kidogo, yenye weusi, pamoja na maumivu upande mmoja chini ya kitovu. Alipopimwa hospitalini akaambiwa kwamba mimba ipo lakini haimo mahali pake. Akadungwa sindano moja, akatakiwa arudi siku ya nne, siku ya saba, na baada ya hapo kila wiki, ili damu yake ipimwe. Mavyaa wake anasema hiyo ni sindano ya kutolea mimba. Mumewe, aliyeko kazini Arabuni, ameuliza kwa simu kwa nini mkewe asipasuliwe mambo yakaisha mara moja. Naye mwenyewe anauliza: je, nimefanya dhambi? Na je, nitazaa tena?

Tutamjibu yeye, na kwa jibu lake tutakuwa tumewajibu wengine, kwani maradhi haya si ya nadra kama yanavyodhaniwa. Katika kila mimba 100, moja au mbili hivi hutunga nje ya mji wa mimba. Zaidi ya tisa katika kila kumi za hizo hukwama ndani ya mrija wa uzazi, ile njia nyembamba ambayo yai hupita likielekea kwenye kizazi. Kizazi kimeumbwa kitanuke kwa miezi tisa; mrija haukuumbwa hivyo. Mimba ikikua humo, mrija huvutika, na aghalabu kati ya wiki ya 6 na ya 8 maumivu huanza. Ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na mwanamke anaweza kupoteza damu nyingi mno ilhali nguo yake ina tone dogo tu. Hapo ndipo watu wa nyumbani hukosea kupima hatari. Wao hutazama kitambaa, nayo damu iko ndani.

Yako mambo yanayomweka mwanamke karibu zaidi na maradhi haya: uambukizo wa zamani wa viungo vya uzazi, hasa ule wa klamidia na kisonono, ambao huacha makovu ndani ya mirija, upasuaji wa mirija, uvutaji wa sigara, na kuwahi kupata mimba ya namna hii. Hata hivyo, karibu nusu ya wanaopatwa hawana lolote kati ya hayo. Kwa hiyo mke asitazamwe kwa jicho la tuhuma kwa sababu tu ya kupatwa.

Hapa kwetu pwani maumivu ya tumbo la mwanamke yana jina lake tangu zamani: chango. Bibi zetu walikuwa na dawa za chango, nyingine za kunywa na nyingine za kuchua tumbo, na hatusemi kwamba yote waliyoyajua hayakuwa na maana. Lakini mwanamke aliyekosa hedhi kisha akaumwa tumbo si mgonjwa wa chango mpaka ijulikane kuwa hana mimba, na ikiwa anayo, ijulikane imetunga wapi. Tumbo lake lisichuliwe wala lisikandwe. Mimba hupimwa kwa mkojo, nacho ni kipimo cha dakika chache kinachopatikana katika duka la dawa lolote. Akiongeza kizunguzungu, au kuzirai, au maumivu kwenye ncha ya bega, au maumivu makali anapokwenda haja kubwa, hakuna tena la kungoja. Hilo la bega huwashangaza wengi, na wengine hupakwa dawa ya misuli. Sababu yake ni kwamba damu iliyomwagika tumboni hukigusa kiwambo kilicho chini ya mapafu, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hupeleka maumivu begani.

Hospitalini hupimwa mambo mawili pamoja. La kwanza ni picha ya altrasaundi, kuona kama mimba imo kizazini. Picha bora ya mimba changa hupatikana kwa kifaa kinachoingizwa ukeni, na baadhi ya dada zetu hukataa kwa kuchelea stara. Dada ana haki ya kuomba mpimaji wa kike na kuwa na mwenziwe chumbani. Akikosekana mpimaji wa kike, hiyo ni dharura, na kipimo kisiachwe. Jambo la pili ni kiwango cha homoni ya mimba katika damu. Mimba iliyo salama huipandisha homoni hiyo kwa kasi kila baada ya saa 48. Iliyokaa pasipo mahali pake aghalabu huipandisha kwa kusuasua. Ndiyo maana mara nyingine daktari hasemi neno siku ya kwanza, bali humwambia mgonjwa arudi baada ya siku mbili. Si kwamba hajui kazi yake. Jibu lenyewe liko katika tofauti ya vipimo viwili.

Sasa tuje kwenye tiba. Jambo moja lieleweke kwanza: hakuna daktari popote duniani awezaye kuihamisha mimba hiyo na kuitia kizazini. Wazazi wengi huuliza, na ni swali la huruma, lakini njia hiyo haipo. Zilizopo ni tatu: kungoja kwa uangalizi, sindano, na upasuaji. Ni ipi itakayomfaa mgonjwa hutegemea sana ni mapema kiasi gani amefika.

Kungoja ni kwa wachache: ambao homoni yao iko chini na inashuka yenyewe, hawana maumivu makubwa, na picha haionyeshi damu tumboni. Mwili wao umekwisha kuanza kuiyeyusha mimba, na daktari hufuatilia tu kwa vipimo mpaka homoni imalizike.

Sindano ndiyo aliyopewa dada yetu. Dawa yake huitwa methotreksati, na madaktari wa Japani walitoa habari ya kuitumia kwa maradhi haya mwaka 1982. Ni dawa iliyotumika tangu zamani kwa baadhi ya saratani na kwa ugonjwa wa baridi yabisi, kwa hiyo mtu akisoma maelezo yake kwenye karatasi aweza kutishika. Kazi yake ni kuzuia seli zinazojigawa kwa haraka zisitumie asidi ya foliki. Seli za mimba zikikosa kitu hicho husimama kukua, kisha mwili huziondoa kidogo kidogo. Anayefaa kupewa ni yule ambaye mrija haujapasuka, hali yake ni tulivu, uvimbe wa mimba ni mdogo (kwa kawaida chini ya milimita 35), hakuna mapigo ya moyo yaliyoonekana kwenye picha, na homoni haijapanda sana. Ini, figo na damu yake hupimwa kwanza. Anayenyonyesha lazima aseme kabla ya kudungwa, kwani dawa hii haipatani na kunyonyesha.

Kwa nini arudi mara nyingi? Kwa sababu sindano haimalizi kazi siku ile. Siku ya nne homoni huweza hata kuwa juu kuliko siku ya sindano, na hilo halina ubaya. Kinachotazamwa ni kama imeshuka kwa 15% au zaidi kutoka siku ya nne hadi ya saba. Ikishuka, hufuatiliwa kila wiki mpaka isionekane tena, na huchukua wiki kadhaa. Isiposhuka, huenda akahitaji sindano ya pili, na wachache huishia kwenye upasuaji. Katika siku hizo mrija bado waweza kupasuka. Maumivu ya wastani ya siku chache hutarajiwa. Maumivu makali, kizunguzungu, au bega kuuma si ya kuvumiliwa nyumbani. Katika muda huo asinywe vidonge vya asidi ya foliki, hata vile alivyopewa kliniki, kwani vitaipinga dawa. Asinywe ibuprofeni wala diklofenaki. Akiumwa kidogo atumie parasetamoli. Ajikinge na jua kali, apumzike na tendo la ndoa mpaka daktari amruhusu, na asishike mimba nyingine kwa muda wa miezi mitatu.

Hapo pana jambo ambalo kwa wakazi wa bara ya Mombasa lina uzito wa pekee. Sindano ni tiba ya mtu awezaye kurudi. Mwanamke wa Mtongwe au Shika Adabu ambaye kila kipimo kwake ni nauli, feri, na mtoto wa kumwachia jirani, akikosa vipimo viwili amebaki na mimba ambayo hakuna ajuaye kama imekufa au inakua. Kwa hiyo daktari anapouliza unakaa wapi, una simu au huna, nyumbani kuna nani usiku, asidhaniwe kuwa anapekua mambo ya watu. Majibu hayo ni sehemu ya dawa. Asiyeweza kurudi aseme kweli, na huenda upasuaji ukawa salama zaidi kwake. Mume aliyeko mbali atume fedha ya vipimo na nauli kabla ya kuuliza kwa nini vipimo ni vingi.

Upasuaji ni wa namna mbili kwa njia ya kuingilia. Uko wa matundu madogo, ambapo kamera huingizwa tumboni na mgonjwa huinuka upesi. Na uko wa kufungua tumbo, ambao ndio hutumika mrija ukiwa umepasuka na damu inamwagika, au pale ambapo vifaa vya kamera havipo. Ndani, daktari ama huuondoa mrija ulioharibika, ama huupasua kidogo akaitoa mimba na kuuacha mrija. Familia nyingi hulia zikisikia mrija umetolewa, kana kwamba mwanamke amefungwa uzazi. Utafiti uliofanywa katika nchi kadhaa za Ulaya na Marekani, na kuchapishwa mwaka 2014 katika jarida la The Lancet, uliwalinganisha wanawake 446 ambao mrija wao wa pili ulikuwa mzima. Ndani ya miaka mitatu, waliobakishiwa mrija walikadiriwa kupata mimba ya kawaida kwa 60.7%, na walioondolewa kwa 56.2%, tofauti ambayo kitaalamu haikuhesabiwa kuwa ya maana. Waliobakishiwa, kwa upande mwingine, walikuwa wengi zaidi katika wale ambao mabaki ya mimba yaliendelea kukua wakahitaji tiba tena. Basi dada aliyetolewa mrija mmoja na wa pili ni mzima bado ana matumaini makubwa. Asiachiwe talaka kwa ujinga.

Maradhi haya si mapya. Abul-Qasim al-Zahrawi wa Cordoba, tabibu Mwislamu aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliandika habari ya mwanamke ambaye mifupa ya mimba iliyokufa ilitoka kwenye jipu karibu na kitovu, na wanahistoria wa tiba humtaja miongoni mwa wa kwanza kuieleza mimba ya nje ya kizazi. Aliona na kuandika, lakini mkono wake haukuwa na la kufanya zaidi. Mpaka mwaka 1883, Robert Lawson Tait wa Birmingham, Uingereza, alipofungua tumbo la mwanamke aliyekuwa akifa na kuuondoa mrija uliopasuka, naye akapona, mrija ukipasuka ilikuwa karibu sawa na mauti. Leo anayekufa kwa maradhi haya aghalabu hufa kwa kuchelewa.

Turudi kwa mavyaa na neno lake la kutoa mimba. Tunamheshimu, kwani nia yake ni kuilinda dini ndani ya nyumba. Lakini mimba iliyo katika mrija haina njia ya kufikia uhai wa kuzaliwa, na kuiacha ni kuuweka uhai wa mama pia katika hatari. Aghalabu hugunduliwa katika wiki ya 6 hadi ya 8, kabla mno ya siku 120 ambazo wanazuoni huzitaja katika mas'ala ya kupuliziwa roho. Wanazuoni wa zama zetu waliolizungumzia jambo hili wameruhusu tiba, wakijenga juu ya kanuni zinazojulikana za fiqhi: kuondoa dhara, na kuchagua dhara iliyo nyepesi pale zinapokutana mbili. Sheria ya nchi nayo haikukaza: Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 26, inaizuia mimba kutolewa ila pale mtaalamu wa afya anapoona kuwa pana haja ya tiba ya dharura au kwamba uhai au afya ya mama iko hatarini. Dada yetu hakufanya dhambi kwa kukubali tiba, na asitiwe wasiwasi. Mwenye kutaka kutulizwa zaidi na amwendee mwanachuoni anayemwamini, lakini asiyafanye maulizo hayo kuwa sababu ya kuchelewesha tiba ya dharura.

Kuhusu damu anayoiona na swala zake, baada ya sindano damu yaweza kuendelea kwa siku nyingi, na hukumu yake hutegemea namna ya damu yenyewe na ada yake ya hedhi. Aziandike tarehe na amwulize mwenye elimu akiwa na tarehe hizo mkononi. Asiache swala kwa kukisia, wala asijilazimishe funga ilhali ni mgonjwa, kadha ipo.

Liko jambo ambalo wahudumu wa afya hulilalamikia sana, nalo ni la idhini. Mke anazirai nyumbani, na watu wanapiga simu Muscat au Doha kumtafuta mume atoe ruhusa. Mume yuko kazini, simu haishikwi, saa mbili zapita. Yatupasa tuseme wazi: mwanamke mtu mzima mwenye akili zake hujiwekea saini mwenyewe, na kifungu cha 43 cha Katiba kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Bora zaidi ni mume atoe ruhusa yake mapema, siku ile ile mimba inapojulikana, mbele ya mama yake na dada zake, ili isitafutwe usiku wa manane. Hayo hayapunguzi heshima yake hata kidogo.

Na usiku wa manane katika bara zetu una hesabu yake. Likoni na Port Reitz zina hospitali za serikali, lakini mgonjwa anayehitaji upasuaji mkubwa na damu nyingi aghalabu hupelekwa Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani, kisiwani. Feri hufanya kazi usiku pia, ila vyombo huwa vichache. Anayetoka Kisauni ana daraja la Nyali, ambalo jioni foleni yake twaijua sote. Kwa wale walio upande wa kusini wa Likoni, barabara ya Dongo Kundu sasa inafika Miritini bila kuvuka feri. Kila nyumba yenye mwanamke mjamzito ijue tangu mapema ni gari la nani litakalotoka usiku, na karatasi zake za SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ziwe pamoja na kitambulisho chake.

Damu nayo ipangwe. Hifadhi ya damu nchini hutegemea sana wanafunzi wa shule za sekondari, na shule zikifungwa hupungua. Ndugu wawili watatu wenye afya waliokwisha kujua makundi yao ya damu ni hazina. Pale damu inapokosekana kabisa, madaktari katika hospitali nyingi za Afrika wamewahi kuchota damu safi iliyomwagika tumboni mwa mgonjwa, wakaichuja na kumrudishia mwenyewe. Njia hiyo ilitumika kwa maradhi haya haya nchini Ujerumani tangu 1914. Mgonjwa ambaye kundi lake la damu ni resasi hasi aulize kama anahitaji sindano ya kuilinda mimba ijayo, kwani katika pirika za upasuaji jambo hilo husahaulika.

Baada ya yote hayo, mwanamke amepoteza mimba. Wapo wanaomwambia haikuwa mimba hasa, ilikuwa uvimbe tu, wakidhani wanamfariji. Aliyekwisha kumtajia mwanawe jina moyoni haambiwi hivyo. Apikiwe, apumzishwe kazi za jikoni, na mumewe asikie kilio chake hata kama ni kwa simu.

Akishika mimba tena, uwezekano wa kutunga nje ya kizazi ni takriban mmoja katika kumi, maana yake tisa katika kumi si hivyo. Asingoje kliniki ya mwezi wa nne kama wengi wafanyavyo. Aende apigwe picha mnamo wiki ya 6 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hata akiwa haumwi popote, na kabla ya kuulizwa lolote amwambie mhudumu atakayempokea kwamba aliwahi kupata mimba nje ya kizazi, mwaka gani, upande gani, na alitibiwa kwa njia gani.